Vitunguu Ndani ya Kioo

Nanyangwe wangu, Atupele,

Barua huwa zinaanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, tunakaa nyumba moja, nakusikia unavyokohoa upande wa pili wa ukuta. Yangu hujaiuliza siku nyingi, kwa hiyo tuiruke. Wewe umeenda kanisani kuwaaga wanakwaya wenzako, mama yako yuko jikoni anakukaangia maandazi ya njiani, na mimi nimekaa hapa barazani na kalamu niliyoazima kwa jirani fundi cherehani. Mwandiko utauvumilia. Shule niliishia la tatu, na hilo la tatu lenyewe nilikuwa naenda siku za uji tu.

Mambo ya ule nini, ulale wapi, umwamini nani kwenye stendi, hayo mama yako kashayasema mpaka paka wa humu ndani anayajua. Mimi nataka kusema habari za kioo.

Kimesimama hapa mbele yangu, juu ya sponji, ndani ya fremu ya mbao uliyoipigilia mwenyewe. Akwariamu ndefu kuliko kitanda changu. Umekata vioo mwenyewe, umepaka silikoni mwenyewe, ukakijaza maji ukakiacha uani mpaka kuku wakakizoea wakawa wanajitazama humo. Kesho asubuhi kinapanda gari, na wewe unapanda nacho. Laela, Sumbawanga, Mpanda, mpaka Kigoma kwa yule mama wa samaki wa mapambo. Amekwambia njoo na kazi ya mkono wako niione. Kwa hiyo hicho kioo ndo cheti chako. Kikifika kizima una kazi, kikifika vipande umebeba takataka kutoka Tunduma.

Na gari siyo langu.

Hapo ndo panapouma, acha niseme mapema nisije nikazunguka. Mji huu mzima, mtu akitaka kitu kitoke hapa kifike kule, anaambiwa kamwone Sinyangwe wa pale Mpemba sokoni. Nimesafirisha mafriji, milango, mashine za kusaga, majeneza, na mbuzi aliyezaa njiani nikashusha wengi kuliko niliopakia. Halafu mwanangu wa kumzaa anahamisha kioo, anaenda kutafuta dereva wa Laela.

Nilimwona huyo dereva alipokuja kupima. Nikamwambia, "Kaka, hilo Fuso lako linakunywa dizeli au linakunywa togwa?" Akanitazama. Akasema, "Dizeli." Akarudi kwenye futi yake. Nikajaribu tena, nikamtania habari za watu wa Laela na maharage, yeye anaandika vipimo. Nikaingia jikoni nikamwambia mama yako, yule mtu anaumwa.

Mama yako hata hakugeuka. "Haumwi," akasema. "Yuko kazini."

Nimelitafuna hilo neno tangu siku ile na halijaisha mdomoni.

Sasa twende kwenye kile kioo cha kwanza. Unakijua kisa chote, ulikuwepo, lakini hujawahi kukisikia kutoka kwangu bila mzaha ndani yake. Kila nilipokisimulia nilikiwekea chumvi, watu wakacheka. Leo nakuandikia bila chumvi.

Ulikuwa umepata kazi kubwa. Ba Chanda wa Nakonde, ng'ambo Zambia, mwenye hoteli mpya, alitaka akwariamu ya mapokezi, kitu ambacho mtu akishuka kwenye lori lake anakiona kabla hajaona bei ya chumba. Ukatafuta kioo kikubwa Dar, kimeshaunganishwa na fundi, ukampata na msafirishaji wa vioo, mtu mwenye gari la fremu na mikanda. Mimi nikakuzuia. Nikakwambia utampaje mgeni kazi na baba yako yupo, watu watasema nini. Ukasitasita. Nikakuchekesha kidogo. Ukakubali.

Ulinipigia simu nikiwa nimeshafika kwa fundi kule Dar. "Baba, kisimame kama kinavyokaa, chini kiwe na sponji. Wasikinyanyue kwa kushika ukingo wa juu. Na ndani kisiwekwe kitu. Hata kanga, baba."

Nikakwambia, "Sawa bosi." Na yale mawili ya kwanza niliyafanya, Mungu anajua. Nilinunua godoro zima kwa ajili yake. Tumetoka Dar, Morogoro, tumepita mbuga, tumepanda Kitonga pole pole, kioo kimetulia utafikiri kinaenda kuolewa.

Tatizo langu lilikuwa lile tumbo tupu la kioo.

Wewe hujakaa kwenye kazi yangu, hulijui hilo. Sisi watu wa mpakani, kitu kitupu kinatuwasha. Gari tupu ni msiba. Ndoo tupu ikienda Nakonde inabeba mayai, ikirudi inabeba sabuni. Nimekulia humo. Kila nilipogeuka nyuma kwenye turubai nakiona kile kioo, kikubwa vile, kimekaa kwenye godoro kama mheshimiwa na hakijabeba chochote. Nikawa nashindwa hata kusinzia.

Tukafika Ilula. Vitunguu vimepangwa kando ya barabara, vyekundu, vikavu, bei ya kumwamsha maiti. Nikamwambia dereva, yule rafiki yangu, simamisha hapo.

Akasema, "Mzee, si mwanao kakataza kuweka kitu?"

Nikamjibu, "Hiki kioo kimetengenezwa kibebe nini? Maji. Maji na vitunguu, kizito kipi?"

Akafikiri. Akasema, "Maji."

"Haya. Kinachobeba maji kitashindwaje na vitunguu?"

Akapanda kufungua turubai, na mimi nikajiona nimesoma kuliko walimu wote wa Mbozi. Tukavipanga humo, kimoja kimoja kwa upole, mimi mwenyewe nimeingia mpaka kwapa. Vilipendeza. Nilipiga na picha.

Kutoka pale mpaka Tunduma matuta unayajua. Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, kila kijiji kina tuta lake. Nilikuwa nasikia nyuma kule, grrm, grrm, nikadhani ni turubai.

Nilivishusha hapohapo Mpemba sokoni kabla sijafika nyumbani, nikaosha kioo kwa sabuni ya unga. Faida yake sikumbuki hata ilienda wapi. Wewe ukatoka nje ukakizunguka, ukapitisha kidole kwenye kona zote, hukuona ufa. Halafu ukainamisha kichwa ndani.

"Baba, mbona kinanuka vitunguu?"

"Tumepita Ilula madirisha wazi, mwanangu. Hata mimi nanuka, muulize mama yako."

Ukacheka. Ukaweka mkono mdomoni kama ulivyozoea toka utotoni, lakini ukacheka.

Ulikuwa umeshika bomba la maji. Hilo ndo silisahau. Ulikuwa umeshalivuta kutoka uani, unataka ukijaze, ukiache siku kadhaa uone kama kitavuja, kama unavyofanya siku zote. Na mimi nilikuwa na gari limeshapata nafasi nzuri kwenye foleni ya kuvuka, na Ba Chanda anapiga simu. Nikakwambia utakipimia hukohuko. Ukasema, "Lakini baba, kawaida nakiacha kwanza."

Nikasema, "Mama yako hakunijaribu kwanza. Alinichukua hivihivi, na mpaka leo sijavuja."

Hapo ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye ngazi. Na ukalikunja bomba.

Atupele, vitunguu vilikipasua kioo kona ya chini, mahali ambapo jicho haliingii. Sawa. Ila wewe ungekijua ule ufa kwa maji, hapahapa uani, hakuna mtu anayeangalia. Mimi ndo niliyekuchekesha mpaka ukaacha kazi yako. Vitunguu nimejisamehe. Lile bomba bado.

Kilipasuka pale mapokezi watu wakiwa wanajipiga picha mbele yake. Mimi nilikuwepo, nilivuka kwenda kunywa soda ya bure kwa jina la mwanangu. Hakikulia kama kioo kinavyolia kikianguka. Kilitoa mguno tu, kama mtu anayenyanyuka kitini, halafu maji yakatembea kwenye marumaru yote mpaka mlangoni na samaki wako ndani yake. Wewe hukupiga kelele. Ulipiga magoti, ukavuta ile ndoo ya barafu ya baa, ukaanza kuwaokota kwa mikono.

Na mimi nimesimama. Ba Chanda uso umeshabadilika, anafungua mdomo. Naujua huo uso, nimeuona kwa maofisa mpakani maisha yangu yote, na najua dawa yake. Nilikuwa kijana nimebeba sukari kichwani, askari akanishika, nikamwambia afande hii siyo sukari ni mchanga wa Zambia, nakwenda kujengea. Akacheka, nikapita. Toka siku ile sijawahi kutumia dawa nyingine.

Basi nikasema, kwa sauti, "Jamani msiondoke, leo supu ya samaki ni bure."

Wote wakacheka. Ba Chanda alicheka viatu vimelowa. Wenye simu wakarekodi. Nikahema, nikasema moyoni, tumepona.

Wewe ulinyanyua kichwa mara moja. Ulikuwa na samaki mmoja mkononi, bado anafungua mdomo na kufunga. Ukanitazama, ukarudi kuokota. Na mimi, mzazi wako, sikuinama kukusaidia kuokota hata mmoja, maana nilikuwa bado naangalia nani anacheka.

Tulirudi kwa miguu kuvuka mpaka, wewe na ndoo, mimi na maneno. Nilikuwa nasema fundi wa Dar kaiba gundi, meza ya Ba Chanda imeinama, barabara mbovu. Ulinijibu mara moja tu, kumbe dereva alishakwambia.

"Maji yanatulia, baba. Vitunguu kila tuta vinapiga kioo ngumi."

Nikakwambia twende haraka, wanafunga geti.

Nimetafuta sana mahali nilipokosea na nadhani nimepaona. Unajua kwetu, mtu akifa, mtani anaitwa. Mimi nimeitwa sana. Nimevaa suti ya marehemu mbele ya jeneza lake, nikaomba deni la bia, wajane wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ni kazi ya heshima ile, usiidharau, watu wanahema kidogo. Lakini mtani anaitwa. Wenye msiba wanajua anakuja, wanampa nafasi. Pale hotelini msiba ulikuwa wako, na wewe hukuniita. Nilijileta. Nimeishi kana kwamba kila mahali ni matanga na kila mtu ni mtani wangu.

Baadaye ile video ikatembea mji mzima, unajua kuliko mimi. Mpakani wakaanza kuniita Supu. Ukweli mchungu ni kwamba mwanzoni nilifurahi. "Supu, mwabombeni!" wananiamkia watu wa Nakonde, na mimi naitikia, natotela, natotela, napunga mkono. Jina linaleta wateja. Nilikuwa naitika mpaka siku niliyopita pale saluni ulikokuwa unawawekea samaki, nikamsikia yule dada anamwambia mteja, "Huyu binti ni mzuri ila ni mtoto wa Supu, tutaogelea." Wewe ulikuwa mle ndani, mgongo umenipa, unasafisha kioo. Nilikuona umesikia. Nikageuza njia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini mwanangu anakwenda Kigoma wakati Tunduma pana baa na saluni nyingi kuliko makanisa, nasema kafuata samaki. Lakini mimi na wewe tunajua. Unakwenda mahali ambapo hakuna anayelijua jina nililokupa. Na hilo ndo jina pekee nililokupa mwenyewe. Atupele alikupa bibi yako wa Ileje, Nanyangwe umerithi kwenye ukoo.

Na wewe una lako, sitalificha. Ungenifokea. Ungevunja hata sahani moja. Toka siku ile ni "Shikamoo baba," "Marahaba," basi, unachukua chakula chako unakwenda kukila mbele ya samaki wako. Shikamoo hujaacha hata siku moja, na ingekuwa nafuu kama ungeiacha. Unaniamkia kama unavyomwamkia mzee yeyote uliyepishana naye njiani.

Nilitaka nikupe neno la kuondoka nalo, kama wazazi wengine, na sina. Ninalo dogo tu. Huko uendako watu kama mimi wapo, wengine wana mdomo mtamu kunizidi. Mtu akikuchekesha umeshika bomba la maji, we cheka tu mama, kicheko siyo dhambi. Ila bomba usilikunje.

Leo ulipoondoka kwenda kanisani nilikaa hapa nilinde kioo. Siyo mchezo. Mtaa mzima umeshasikia gari linapita Sumbawanga. Shangazi yako kaleta mchele wa Kamsamba wa kumpelekea mwanawe aliyeko Mpanda, kauangalia mfuko, kakiangalia kioo. "Si uweke humo ndani? Pana nafasi." Nikamwambia hapana. Mama Joyce kaja na viatu vya mjukuu wake. Nikamwambia hapana. Fundi cherehani, huyu aliyeniazima kalamu, kaleta vitenge, vitu laini kabisa. Nikamwambia hapana.

Akanishangaa. "Supu, toka lini wewe unakataa mzigo?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, lilikuwa limeshafika mdomoni, angecheka mpaka aanguke. Nikalimeza. Nikamwambia, "Mwenyewe hataki." Akasubiri kidogo, akidhani kuna linalofuata, halafu akaondoka na vitenge vyake.

Na mimi mwenyewe, nikwambie. Mama yako alitoa blanketi lako, akaliweka kwenye kiti. Nikajikuta nimelishika. Nimeshalikunja vizuri, nimeshainama, nawaza hili ni laini, hili haliwezi kuumiza kitu. Mkono umeshaingia ndani ya kioo, Atupele. Nikautoa. Nikalirudisha blanketi kwenye kiti nikakaa juu yake ili nisilione.

Ndani ya kioo chako hamna kitu. Hata barua hii sijaiweka humo, nitaiweka juu ya viatu vyako mlangoni.

Nimekiangalia kwa muda mrefu, na kuna jambo moja la kesho ambalo hujalipanga. Kioo hiki kinashikwa chini, kona nne. Wewe kona moja, dereva wako asiyecheka kona moja, fundi cherehani kakubali kona moja. Ya nne najua umepanga mama yako, na mgongo wake unaujua ulivyo, akitingishika katikati kitaenda chote.

Sikuombi. Nitakuwa nimesimama pale getini toka gari lifike, mikono nimeosha, haina mafuta. Ukiniita nitakuja, nitashika chini, siyo ukingo, na sitasema neno mpaka kikae kwenye sponji la gari. Wala nikishamaliza sitasema.

Usiponiita nitakufungulia geti, nilishike lisije likapigwa na upepo likagonga kioo. Utapita. Ukiniamkia nitaitika marahaba, basi.

Baba yako,
Sinyangwe